Nani Aliona, na Aliona Nini

Nilisomea falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi katika miaka ya themanini, wakati Profesa Henry Odera Oruka alipokuwa akiwaendea wazee vijijini na kuwahoji juu ya Mungu, kifo, haki na uhuru. Alimtofautisha mzee anayehifadhi hekima ya jamii na kuirudia, na yule anayeipima kwa akili yake na kuikosoa panapostahili. Kitabu chake kuhusu wahenga hao kilitoka mwaka 1990. Mimi ni mwana wa Nyamira, na nilihitimu nikiamini kwamba mkongwe wa kijijini ni mtu wa kuketi naye na kumuuliza maswali.

Haikupita miaka mingi wakongwe hao wakaanza kuuawa. Kati ya 1992 na 1994 Gusii, yaani kwetu Kisii na Nyamira, ilikumbwa na wimbi la kuwachoma moto watu walioitwa abarogi, yaani wachawi. Justus Ogembo, msomi aliyelichunguza wimbi hilo kwa kina, alilitolea kitabu mwaka 2006. Wakati huo nilikuwa nikifundisha mantiki na nadharia ya maarifa, mbali na nyumbani, na kila likizo nilikuta boma jingine limekuwa gofu.

Kisha ikaja Mei 2008. Watu 11, wanawake 8 na wanaume 3, walichomwa hadi kufa katika vijiji vya Kisii, wengi wao wakiwa wamevuka miaka 80. Wanakijiji walidai kwamba kulikuwa na daftari lililookotwa katika shule ya msingi, lenye kumbukumbu za mkutano wa wachawi na majina ya watakaorogwa. Hilo daftari lilininyima usingizi. Nani aliliandika? Mwandiko ulikuwa wa nani? Kwa nini watu wanaokutana kwa siri waandike kumbukumbu, tena waziache shuleni? Hayo ni maswali ambayo mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza angeyauliza kabla ya kumaliza kusoma ukurasa. Watu 11 waliteketea bila yeyote kupewa nafasi ya kuyauliza. Niliomba kuondoka chuoni, nikarudi nyumbani.

Watu wengi wa nia njema huja na vipaza sauti kutangaza kwamba uchawi haupo. Wanakijiji huwasikiliza kwa heshima, huwapigia makofi, kisha hurudi na imani yao. Aliyemzika kijana wake juzi hataki mjadala kuhusu kilichopo na kisichokuwapo. Anataka kujua ni nini kilichomuua mwanawe. Kwa hiyo swali la kuwapo kwa uchawi mimi huliweka kando, nikauliza la ushahidi: nani aliona, aliona nini, na wewe uliambiwa na nani?

Nakumbuka jioni moja upande wa Ekerenyo. Vijana walikuwa wamejaa uani kwa bikizee mmoja, petroli ikiwa ndani ya chupa ya soda, na mzee wa kijiji amesimama mlangoni bila la kusema. Nilimuuliza kijana wa mbele kama yeye mwenyewe alimwona magokoro, yaani bibi huyo, akifanya jambo lolote. "Tata, kila mtu anajua," akanijibu. Nikamwomba anitajie mmoja katika hao wote. Akamtaja dereva wa bodaboda. Bodaboda naye alikuwa amesikia kwa shemeji yake, na shemeji akasema habari ilitoka kwa mpiga ramli. Nikauliza ni nani aliyekwenda kwa mpiga ramli, na nani aliyelipa. Hapo uani pakatulia, kwa sababu aliyelipa alikuwepo: mpwa wa marehemu mume wa bikizee, ambaye shamba lake linapakana na la bikizee. Miti ya mpaka ilikuwa imeng'olewa msimu uliopita, na kila mtu pale alilijua hilo kwa macho yake. Giza liliingia tukiwa bado tunaulizana. Polisi walifika, na bikizee akaondoka akiwa hai.

Muda ndio ninaoutafuta. Hasira ya umati haidumu ikilazimishwa kutaja majina na saa. Ukiweza kuichelewesha hadi ripoti ya daktari isomwe mbele ya familia, kwa Kiswahili au Ekegusii, mara nyingi hupati tena wa kubeba kiberiti.

Na ardhi isisahauliwe. Sensa ya 2019 iliikuta Kisii na watu zaidi ya 950 kwa kila kilomita ya mraba, na ardhi ya baba hugawanywa kwa wana wake hadi inakuwa vipande visivyotosha hata migomba. Mjane mkongwe asiye na hati, mwenye mabinti walioolewa mbali, ndiye rahisi kumsingizia. Ndiyo maana siku hizi nashinda zaidi katika ofisi za ardhi na mahakama za mirathi kuliko kwenye mikutano. Mjane mwenye hati yenye jina lake hamrithishi kitu yule anayemwita mchawi, na majirani wanalijua hilo.

Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wanne wazee waliuawa kwa siku moja kwa tuhuma zilezile. Waziri alilaani, magazeti yakaandika, kisha pakawa kimya. Nilikwenda matanga nikiwa na uchungu nisioweza kuueleza, maana wale walikuwa watu wa kuhojiwa kuhusu enzi zao, mbegu zao, na mashauri waliyoyaona yakikatwa na wazee wa ritongo, baraza letu la kimila. Walikwenda na yote waliyoyajua.

Sheria ya Uchawi tuliyonayo ni ya mwaka 1925. Kifungu cha 6 kinamwadhibu anayemtuhumu mwenzake uchawi, lakini hakimgusi anayepeleka tuhuma hiyo kwa chifu, polisi au mtu mwenye mamlaka. Vijijini kwetu tuhuma iliyosemwa kwa chifu asubuhi huwa sokoni kabla ya jua kutua. Ninachowaomba wabunge wetu wa Kisii na Nyamira ni kifungu kimoja: afisa yeyote anayepokea tuhuma hiyo awajibike kisheria kumlinda aliyetajwa tangu saa ileile, na kuandika jina la mtuhumu na alichokiona kwa macho yake. Rasimu ya ombi hilo ninayo, na saini za familia za waliouawa zinaendelea kukusanywa.