Kumsindikiza Dada Hadi Calgary

Kwetu Kivu neno kuhama halina sifa njema. Mtu akisimuliwa kwamba jirani fulani wamehama, haulizi kwanza wamekwenda wapi; huuliza ni kitu gani kilichowafukuza. Mimi nilijifunza neno hilo nikiwa na umri wa miaka 5, katika wiki ile ya mwisho ya Oktoba 1996, Bukavu ilipotekwa na Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa akauawa. Jamaa yetu ilitoka kwa miguu kuelekea Walungu. Dada yangu mkubwa, aliyekuwa na miaka 12, alinibeba mgongoni, na mkononi alishika sufuria moja. Hakuichagua. Ndiyo iliyokuwa karibu na mlango.

Kwa hiyo sikujua nimwitikie vipi, miaka mingi baadaye, dada huyo aliponiambia kwamba anahama tena. Safari hii hakuna aliyemfukuza. Tulikuwa tukikaa Montréal, katika mtaa mmoja, mwendo wa dakika 10 kati ya mlango wake na wangu. Shemeji yangu alipata kazi Calgary, magharibi ya Kanada, akatangulia mwezi wa Novemba. Sasa mke na watoto wawili walikuwa wamfuate. Dada aliniomba nimsaidie kuendesha lori la kukodi.

“Yaya,” nikamwambia, “huu ni mwezi wa Februari.”

Akanijibu kwamba kalenda anayo.

Kazi yangu ni kuwahudumia wazee katika nyumba ya malezi, na nilikuwa na likizo ya wiki mbili. Kabla ya hapo tulifunga vitu usiku, baada ya kazi, kwa muda wa wiki tatu. Nilidhani kwamba kuwa na muda ni faraja tupu. Sivyo nilivyoona. Anayekimbia haagi vitu vyake, vinabaki, basi. Lakini mwenye wiki tatu hulazimika kukiaga kila kikombe. Nilimkuta dada amesimama mbele ya kabati, ameshika vikwembe viwili, hawezi kusema kipi kiende na kipi apewe jirani. Mara nyingine alifunga sanduku, akalifungua tena, akalifunga. Nadhani hakuna aliyewahi kumpa nafasi ya kuchagua, na nafasi yenyewe ilimchosha kuliko haraka.

Jambo moja halikujadiliwa: kinu. Dada ana kinu cha mti cha kutwangia sombe, kizito kama mtoto wa miaka mitatu. Shemeji alisema kwa simu kwamba sombe iliyosagwa inauzwa madukani, imegandishwa kwenye mifuko. Dada hakumjibu. Kinu kilipanda lori mapema, kikafungwa kwa kamba kama abiria.

Na kulikuwa na daftari. Tangu afike Kanada dada huandika kila dola inayotoka mikononi mwake. Ukurasa wa kwanza wa kila mwezi unaitwa “Nyumbani”: karo za watoto wa binamu zetu, zile tunazoziita minervali, na dawa za shangazi yetu aliyeko Kadutu. Zinafuata “Kodi” na “Chakula”. Mwezi huo alifungua ukurasa mpya, akauita “Safari”.

Siku ya kupakia walikuja watu wa kwetu wanane, pamoja na jirani mmoja Mhaiti ambaye sikuwa nimewahi kuzungumza naye. Ilikuwa kama salongo, isipokuwa hakuna aliyeamrishwa. Watoto walipanda ndege kwenda kwa baba yao. Dada angeweza kwenda nao, lakini aliwakabidhi kwa rafiki aliyekuwa akisafiri siku hiyo, akapanda lori pamoja nami.

Kutoka Montréal hadi Calgary ni kama kilomita 3,600. Tulizimaliza kwa siku tano, nayo siku ngumu kuliko zote ilikuwa ya pili, tulipopita kaskazini ya Ziwa Superior. Nchi nzima inalisifu ziwa hilo, na kwa haki: lina ukubwa wa kilomita za mraba 82,000 hivi, yaani Ziwa Kivu mara 30. Lakini kwa kina, Kivu lina mita zaidi ya 470, na Superior halifiki 410. Nilimwambia dada habari hiyo tulipokuwa tukipanda kilima kwa mwendo wa kinyonga. Akasema, “Unaona,” kana kwamba ni yeye aliyelichimba.

Karibu na mji wa Wawa barabara ilifungwa kwa sababu ya dhoruba ya theluji. Tulilala katika nyumba ya wageni iliyojaa madereva wa malori. Dada alitoa sambaza kavu kwenye mkoba, tukala na mkate, kwa maana hapakuwa na mahali pa kusonga bugali. Kisha akaniuliza, bila kunitazama: “Jumapili utakula na nani?”

Mimi sijaoa. Tangu niwasili Montréal, kila Jumapili nilikula kwake. Swali hilo nilikuwa nimelikwepa kwa wiki tatu, nikijishughulisha na kamba na masanduku. Nilimwambia kwamba wapo marafiki. Aliitika kwa kichwa, akaanza kukunja mfuko wa sambaza, akaukunja hadi ukawa mdogo kama kiberiti.

Juu ya Manitoba na Saskatchewan sina mengi ya kusema. Ni tambarare, zilikuwa nyeupe pande zote, nazo zilituchukua siku mbili. Tulirudisha nyuma saa zetu mara mbili njiani. Tulipofika Calgary dada aliuliza mji uko juu kiasi gani; alipoambiwa ni mita 1,045 tu, wakati Bukavu yetu iko karibu mita 1,500, alitulia kidogo, kama mtu aliyefika mahali anapoweza kupasimamia.

Likizo kwenye theluji lilikuwa wazo la shemeji. Alikodi nyumba ndogo ya mbao kwa siku tatu katika bonde la Kananaskis, mwendo wa saa moja kutoka mjini, karibu na Nakiska, mlima ule ambako yalifanyika mashindano ya kuteremka kwa skii katika Olimpiki ya mwaka 1988. Hakutaka watoto waanze kuujua mji wao mpya kwa kuyatazama masanduku. Dada alikataa. Alisema tiketi ya mtu mmoja kwa siku moja ni minervali ya mtoto mmoja kwa muhula mzima huko kwetu, na hesabu yake haikuwa mbali na ukweli.

Ndugu zangu, pingamizi hilo naliheshimu, na anayelijibu upesi, kwa upande wowote ule, simwamini sana. Nilichomwambia ni kwamba ukurasa wa “Nyumbani” wa mwezi ule ulikuwa umekwisha kujazwa kabla ya lori kuondoka, kama inavyokuwa kila mwezi. Aidha, nilimjua: tusipokwenda, angeyafungua masanduku yote usiku huohuo na kutafuta kazi kesho yake. Alifanya hivyo katika kila mji tuliopitia tangu utoto. Hatimaye watoto ndio walioshinda. Watoto hushinda.

Skii, kwa yeyote asiyeziona bado, ni mbao mbili nyembamba ndefu zinazofungwa kwenye viatu vigumu mno, vinavyokufanya utembee kama mtu aliyevaa ndoo. Kiti kinachoning'inia kwenye waya hukupandisha mlimani. Kushuka ni juu yako. Sehemu kubwa ya theluji ya Nakiska hutengenezwa kwa mashine zinazopuliza maji katika hewa ya baridi, kwa sababu upepo wa joto uitwao Chinook huja mara kwa mara na kuiyeyusha ile ya mbinguni. Mwalimu aliwafundisha watoto kupunguza mwendo kwa kuzikutanisha ncha za mbele za skii, ziwe mfano wa kipande cha piza. Walielewa mara moja. Mimi nilikielewa kipande cha piza kwa akili tu.

Mpwa wangu wa kiume aliniuliza kama yuko Mwafrika aliyewahi kushindana kwa skii. Nikamsimulia habari za Philip Boit, Mkenya, aliyekimbia kilomita 10 katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, akawa wa mwisho. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwe, alimngoja kwenye mstari wa kumalizia ili amkumbatie, na Boit baadaye akampa mwanawe jina la Dæhlie.

“Alimngoja muda gani, mjomba?”

“Dakika ishirini hivi.”

“Kwenye baridi?”

Siku ya kwanza dada alikaa chini ya mlima akishika makoti. Siku ya pili alisema amechoka kushika makoti. Alianguka mara nyingi kiasi kwamba mwalimu aliacha kumwinua, akamfundisha namna ya kujiinua mwenyewe: ulale ubavu, mbao zikingame mlima, ndipo usukume. Mara moja aliteleza kwa makalio hadi miguuni pa mzee mmoja asiyemjua, akacheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tulipokuwa wadogo. Hata mzee alicheka. Siku ya tatu alishuka mteremko wa wanaoanza bila kuanguka, akanitangulia, nikamkuta chini amenisimamia huku akipiga miguu kwa baridi.

Usiku wa mwisho, Calgary, watoto walipolala, alitoa daftari. Aliandika mafuta ya lori, nyumba ya wageni ya Wawa, kamba. Alipofika kwenye tiketi za skii kalamu ilisimama. Aligeuza kurasa: “Chakula” hapana, “Kodi” hapana. Alifungua ukurasa mpya, akaufikiria, akarudi nyuma, na kuziandika tiketi chini ya “Safari”, baada ya mafuta.

Kisha akaniuliza ndege yangu inaondoka saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na mbili asubuhi. Akasema ataamka saa tisa anipikie.