Picha Ziliishia Nungwi, Mapenzi Yakaonekana Kwenye Treni

Kama uliwaona wale wawili mtandaoni wiki ya Iddi, najua roho ilikuuma kidogo. Nungwi, mchanga mweupe, jua linazama, dada kapendeza na dera la njano, kaka kamshika kiuno. Laiki kama zote. Siku nne mfululizo, picha juu ya picha.

Siku ya tano hakuna aliyeiona, na stori yenyewe iko hapo.

Asubuhi ya kurudi bara masika yakaamua kufanya kazi yake. Bandarini Malindi abiria wamelowa, mabegi yamelowa, boti imechelewa kuondoka. Kwa kawaida boti za kasi zinafika Dar kwa kama saa 2. Siku hiyo bahari ilichafuka, wahudumu wakaanza kugawa mifuko ya kutapikia mapema tu. Kaka, yule yule wa kifua wazi kwenye picha, alitapika mpaka macho yakaingia ndani. Dada akamshikia mfuko, akamfuta mdomo kwa kanga yake, akamsugua mgongo. Kope za bandia zilishadondoka, hana hata habari nazo.

Sasa tiketi za treni ya SGR kwenda Dodoma zilishakatwa, za mchana, na treni ile haimsubiri mtu. Waliposhuka Dar, Sokoine Drive maji tupu, magari hayasogei, bajaji wanataja bei za kukomoa. Kwa bahati, kutoka bandarini mpaka stesheni si mbali. Dada akavua viatu, akaviringisha halua za zawadi ndani ya kanga, akasema, "Bebi, tunatembea." Wakaingia stesheni kama kuku walionyeshewa, zimebaki dakika chache tu.

Kwenye behewa, kimya. Kasi inapanda mpaka 160 kwa saa, mvua inateleza kwenye vioo. Pugu, Soga, Ruvu, Morogoro, zote zikapita. Kaka anajikuna kichwa tu. Walipovuka Kilosa, treni ilipoanza kupita kwenye mahandaki, ndipo akatema. Mkataba wake wa kazi umeisha na hauongezwi. Amejua tangu kabla ya mfungo. Na hela waliyotumia Zanzibar ilikuwa kodi ya nyumba ya miezi 6. Aliogopa kusema kwa sababu alishamuahidi safari, na mashoga zake wote walishajua.

Dada hakujibu. Mpaka Gulwe, hajajibu. Kisha akasema:

"Ungeniambia siku ya kwanza pale Forodhani, tungekula urojo tukalala gesti ya kawaida. Mimi nilitaka bahari na wewe. Nani alikuomba hoteli?"

Akatoa simu. Jamaa akajua hapa anapigiwa mama mtu. Kumbe kafungua kikokotoo. Imebaki shilingi ngapi, mwenye nyumba akikubali miezi 3 itakuwaje, nani anadaiwa. Hasira bado anazo, na alimwambia wazi kuwa anazo, lakini hesabu walipiga pamoja mpaka Dodoma.

Walishuka nguo zimewakaukia mwilini. Hakuna picha iliyopandishwa.

Wadau, picha ya machweo mtu yeyote anaweza kupiga na wewe. Muangalie anayekushikia mfuko bahari ikichafuka. Na wewe unayeshikiwa, sema ukweli kabla hujaila kodi ya nyumba.