Kipya Kinyemi

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Mstaafu mwenzangu, anayejiburudisha kwa muziki, aliniuliza kama pensheni yake inunue kinanda kipya cha umeme. Nikamjibu: Ndugu yangu, usihadaiwe na milio 700, nawe utatumia 5. Wimbo wa sauti nne huhitaji noti 4 kwa pamoja. Chako chenye uwezo wa noti 32 kinatosha. Tena kina tundu la MIDI, utaratibu uliotolewa mwaka 1983, hivyo chaweza kuunganishwa na vyombo vya leo. Lakini ikiwa vibonye vyake havitofautishi mguso wa upole na wa nguvu, kibadilishe. Vidole visivyosikilizwa huacha kusema, sawa na mwanafunzi darasani.