Kumtafutia Bibi Picha ya Bahari



Hivi karibuni ulitufikia ujumbe wa sauti kutoka Tanga. Bibi yetu, ambaye macho yamemdhoofu lakini ulimi bado ni ule ule, aliuliza: miaka yote hii mwakaa katika mji wa bahari, na picha mnazoniletea zote ni za sebuleni, hiyo bahari yenu iko wapi? Tulicheka, kisha tukaona haya. Twaishi katikati ya Durban, si mbali na Msikiti wa Ijumaa wa Grey Street, barabara ambayo siku hizi huitwa Dr Yusuf Dadoo. Kutoka hapo hadi ufukoni ni mwendo wa nusu saa hivi kwa miguu, nasi tulikuwa hatujafika huko tangu Idi.

Tukaazimia kwenda ufuo mmoja kila Jumapili, tupige picha, kisha tuchague ya kumpelekea. Tuliyoyaona tunawaandikia hapa, kwani wenye mabibi wa namna hii si sisi peke yetu.

Tulianzia karibu, South Beach na North Beach, na tukakosea saa. Bahari ya Durban iko mashariki. Jua huchomoza majini na kutua nyuma ya mji. Sisi tulifika baada ya Alasiri, tukakuta majumba marefu ya hoteli yamekwisha kuulaza mchanga kivulini, na watoto katika picha wakatoka weusi kama makaa. (Picha zile tungezichapa hapa, ila mashine yetu ya kunakili ingezimaliza kabisa.) Jumapili iliyofuata tuliswali Alfajiri tukatoka moja kwa moja. Hapo ndipo tulipoiona bahari hasa, imetulia na kumeremeta, na wavuvi wamejipanga juu ya magati na mishipi yao.

Kwa kuoga, hapo ndipo penye usalama: wapo waokoaji, zipo bendera za kuonyesha mahali pa kuogelea, na nyavu za kupunguza hatari ya papa ziliwekwa tangu mwaka 1952. Kwa picha ya kumpelekea Bibi ni shughuli nyingine. Kila tulipoinua kamera, nyuma ya watoto alitokea mtu ambaye nguo zake hazikumtosha. Wale wakokotaji wa magari ya abiria, wenye vilemba vikubwa vya pembe na shanga, wanapendeza mno. Lakini patana nao bei kabla ya kupiga picha, wala si baada. Na kamera ifungeni ndani ya kanga, muitie kikapuni, mpaka mfike. Njiani si mahali pa kuionyesha.

Ni hapo ufukoni tulipowaeleza watoto habari ambayo hawakuijua. Sheria ya mwaka 1953 iliruhusu mahali pa umma kutengwa kwa rangi, na katika fukwe hizi palikuwa na mabango, kwa Kiingereza, Kiafrikana na Kizulu, yaliyotangaza kwamba pa kuogea hapa ni pa watu weupe peke yao. Wahindi walikuwa na sehemu yao, na Waafrika yao. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1990. Mtoto wetu mdogo alisikiliza, kisha akauliza: "Na sisi tungeoga wapi?"

Hatukuwa na jibu tayari. Tulikwenda nalo swali hilo Jumapili zilizobaki.

Blue Lagoon, panapoishia mto Umgeni, tulipapenda. Familia za Kihindi huja na sufuria zao, harufu ya mchuzi imetanda, na ng'ambo ya kaskazini ya mto iko mikoko ya Beachwood. Mikoko! Mama watoto alisimama akaitazama muda mrefu. Lakini maji ya hapo msiyaamini, hasa baada ya mvua. Mafuriko ya Aprili 2022 yaliua watu zaidi ya 400 katika jimbo hili na kuharibu mitambo ya kusafishia maji taka, na tangu hapo fukwe za mji zimefungwa na kufunguliwa mara kadhaa. Ulizeni kabla ya kuwavua watoto nguo.

Umhlanga kuna mnara wa taa mweupe na mwekundu, uliojengwa mwaka 1954. Ni pazuri, nauli si haba, na watoto waliona maduka kuliko bahari.

Isipingo hatukwenda. Kwa wageni tuliokuwapo mwaka 2015, jina hilo na la Chatsworth hayasikiki kama majina ya mahali tu. Wenzetu walilala katika mahema huko Aprili ile.

Mwisho tulikwenda Bluff, ile nchi ya vilima ionekanayo ng'ambo ya mlango wa bandari. Kuanzia mwaka 1873, Waingereza waliwaleta Durban mamia ya watu waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Wengi walikuwa Wamakua, na kwa kuwa walipitia Unguja wakaitwa Wazanzibari. Waislamu miongoni mwao walipata makao Kings Rest, huko huko Bluff, katika ardhi iliyonunuliwa na wadhamini wa msikiti wetu huu wa Grey Street. Serikali ya ubaguzi haikujua iwaweke fungu gani. Mwishowe ikawaandika "Waasia wengine", na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikawahamishia Chatsworth, mbali na bahari. Wajukuu wao wako huko hadi leo.

Basi mtoto tukampa jibu lake: tungeoga pale ambapo karani angetuandika.

Kings Rest inatazama bandari. Ufuo wenyewe uko upande wa pili wa kilima. Tulichagua Brighton Beach. Maji yalikuwa yamepwa, miamba imetoka nje, na vidimbwi vimejaa vijisamaki. Watu walikuwa wachache. Tuliwasimamisha watoto juu ya mwamba, migongo kusini, nyuso zikielekea upande wa Tanga, jua la saa mbili likiwapiga kwa ubavu. Picha ilitoka safi, nasi tukaituma siku ile ile.

Jibu la Bibi lilikuja baada ya Isha. Bahari aliitambua, alisema ni ile ile. Ila alimtaka binamu yetu amkuzie picha sehemu ya chini, kisha akauliza kwa nini watoto wote wamevaa viatu.

Jumapili ijayo, inshaallah, tunarudi Bluff. Mwenye nafasi garini atuarifu.