Nyumba ya urithi Mwananyamala? Fungua macho!

Ukishuka daladala pale Hospitali ya Mwananyamala, ukakata vichochoro vya kuelekea Kisiwani, bado utazikuta zile nyumba za zamani za Kiswahili: korido katikati, vyumba huku na huku, baraza mbele, choo uani. Mjini si mbali, na mama chapati hakawii kukujua kwa jina. Nani asitake kuhamia?

Ila kabla hujamwaga mshiko kwa dalali, bwana, uliza kwanza: mwenye nyumba nani? Nyingi zimeachwa na wazee. Leo kaka mkubwa anakuuzia, kesho dada zake wanakuburuza kortini. Mdai barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi. Kama nyumba ni yake na ana mke, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mke aridhie. Ukionyeshwa leseni ya makazi, hiyo ni ya muda mfupi. Hati ndiyo inayoweza kufika miaka 99.

Halafu rudi tena masika, mvua ikichachamaa. Maji yakitaka kuingia chumbani hayaulizi hati!