Kabari ya Utingo



Tafakari ya juma hili imetoka katika sanduku la bati. Tulipokuwa tukikisafisha chumba cha marehemu baba yetu huko Temeke, sisi ndugu watatu tuliobaki tulilikuta sanduku hilo chini ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na vitu viwili: seti ya spana za inchi zilizofungwa katika kitambaa chenye grisi, na daftari refu la jalada jeusi ambamo familia yetu iliandika habari za malori yake kwa zaidi ya miaka ishirini. Spana tulizigawana kwa kicheko. Daftari limetunyima usingizi, na ndiyo sababu tunaandika.

Waliozaliwa baada ya mwaka 1990 huenda hawayafahamu malori tunayoyasema. Kabla ya Fuso na Isuzu kujaa katika barabara zetu, mizigo mingi ya nchi hii ilibebwa na magari ya Kiingereza. Bedford zilitoka Luton na Dunstable, Leyland zilitoka katika mji wenye jina hilohilo huko Lancashire, na Albion zilitoka Glasgow, Uskoti. Albion ilibandikwa alama ya jua linalochomoza, kwani watengenezaji wake walijisifu kwamba gari lao ni la hakika kama mapambazuko. Sisi watoto tuliliamini jua lile. Asubuhi nyingi lilitangulia kuonekana uani kwetu kuliko lile la mbinguni, maana Baba aliamka saa kumi za usiku kuziwasha injini.

Baba alianza kama dereva wa kuajiriwa. Tarehe 11 Novemba 1965, serikali ya walowezi wa Rhodesia chini ya Ian Smith ilijitangazia uhuru, na Zambia, nchi isiyo na bahari, ikajikuta njia yake ya kusini imekuwa ya mashaka. Mafuta na bidhaa zake zikaanza kupitia Dar es Salaam. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, na reli ya TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Kabla ya hapo mzigo ulikuwa juu ya malori: mapipa ya mafuta kwenda, shaba kurudi, zaidi ya kilomita 900 hadi Tunduma, vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Madereva wa kigeni waliiita Njia ya Jehanamu. Baba aliipita mara nyingi, akaweka akiba, na mwaka 1969 akanunua Bedford yake ya kwanza, iliyokwisha kutumika sana. Kufikia mwaka 1976 tulikuwa na malori manne: Bedford mbili, Albion moja na Leyland Comet moja. Hakuna hata moja lililonunuliwa jipya.

Tulibeba saruji kutoka Wazo Hill, mawe na kokoto kutoka Kunduchi, na mchanga wa ujenzi kwa watu waliokuwa wakihamia Tandika na Mbagala. Msimu wa kilimo ulipowadia tulipeleka mbolea Iringa na Mbeya na kurudi na mahindi. Macho ya Baba yalipoanza kufifia, mwaka 1978, sisi wanawe tukaishika kazi: mmoja akawa mtunza hesabu, wa pili fundi, wa tatu msimamizi wa mizigo na safari.

Kuyaendesha malori ya kale kulikuwa kama kulea wazee. Kila moja lilikuwa na tabia yake. Comet ilitaka ipashwe moto taratibu. Albion haikupenda kuharakishwa katika kubadili gia. Bedford ndogo ilichemka kila ilipokipanda kilima cha Pugu, nasi tulikwenda na debe la maji. Tuliweza kulala na kutambua kwa mngurumo tu, lori likiwa bado mbali barabarani, kwamba nozeli moja haifanyi kazi au springi imekatika jani.

Mambo yakazidi kuwa magumu. Vita ya Kagera ilipoanza mwishoni mwa mwaka 1978, malori ya raia yalihitajika kubeba askari na vyakula, na Comet yetu ikaenda, pamoja na dereva wake na utingo wake. Ilirudi mwaka 1979 ikiwa na vumbi jekundu katika kila tundu. Baada ya vita fedha za kigeni ziliadimika, na vipuri pamoja nazo. Tuliishi kwa mikono ya mafundi wa Gerezani, waliochonga bushi kutoka chuma cha gari lililokufa na kukata gasketi kwa mkasi. Tulijivunia sana ustadi huo, na tunaujivunia hata leo. Hatukuyaacha malori yetu yafe. Kila kipuri, kila galoni ya oili, kila kiraka cha tairi kiliandikwa katika daftari, kwa tarehe na bei.

Sasa tuseme habari za utingo.

Wapo wanaodhani kwamba kazi ya utingo ni kupakia na kupakua tu. Katika lori la kale alikuwa sehemu ya breki. Alipanda nyuma, juu ya turubai, akiwa na kabari mkononi, yaani kipande kizito cha mbao kilichochongwa upande mmoja. Lori liliposhindwa mlima, dereva alipiga honi, na utingo akaruka chini na kuisukuma kabari nyuma ya gurudumu kabla gari halijaanza kurudi. Alikuwa na muda wa pumzi mbili au tatu. Akiwahi, watu wote wako salama. Akichelewa, korongo linawangoja.

Mwezi Machi mwaka 1982 Comet ilikuwa ikienda Iringa na mbolea. Ilitengenezwa kubeba tani saba. Sisi tuliipakia tisa, kwa kuwa mteja alilipa kwa tani. Lainingi za breki zilikuwa zimekwisha, nasi tulijua. Mpya tulikuwa tumeahidiwa baada ya mwezi mmoja. Tulikaa uani jioni ile, sisi watatu, tukaafikiana: safari moja tu, halafu tutalisimamisha. Kwenye dashibodi palikuwa na picha ya Mtakatifu Kristofa, msimamizi wa wasafiri. Tulimwachia yeye kazi iliyokuwa yetu.

Katika mlima Kitonga mvua ilikuwa ikinyesha. Injini ilizimika katika kona, breki zikakataa, na lori likaanza kurudi nyuma. Utingo akaruka. Kabari ya kwanza aliiweka vizuri, gurudumu likaikanyaga, likateleza pamoja nayo. Akaivuta, akaiweka tena, safari hii akiishikilia kwa mguu hadi ikang'ata. Lori likasimama. Dereva alipona, mzigo ulipona, na lori lenyewe lilivunjika difu tu. Mguu wa kushoto wa utingo ulikatwa chini ya goti.

Dereva alikuwa ameandikishwa katika mfuko wa akiba wa wafanyakazi, NPF, ambao serikali iliuanzisha mwaka 1964. Utingo hatukumwandikisha. Tulimwita kibarua ingawa alikuwa nasi kwa miaka saba na alikwenda vitani na lori letu. Tulilipa nauli ya kumrudisha Dar es Salaam, tukampa shilingi 500 na gunia la mahindi, tukamwambia apumzike hadi apone. Hatukwenda kumwona tena. Tulikuwa na lori la kutengeneza.

Daftari tulilolikuta sandukuni lina ukurasa wa mwezi ule. Maneno yake ni haya: "Comet. Kitonga. Difu imepasuka. Siku 11 bila kazi. Matengenezo shilingi 6,400. Kabari mpya, 1."

Hakuna zaidi. Kabari mpya iliandikwa, mguu haukuandikwa. Tulipousoma ukurasa huo mara ya kwanza tulitaka kumlaumu marehemu, kwa kuwa marehemu hajitetei. Lakini mwandiko ule si wa Baba. Mwaka 1982 Baba alikuwa haoni tena vizuri. Mwandiko ni wetu.

Miezi sita kabla ya ajali ile, tarehe 14 Septemba 1981, Papa Yohane Paulo II alikuwa ametoa waraka wake juu ya kazi ya binadamu, Laborem Exercens, akifundisha kwamba kazi inatangulia mtaji, yaani mtu anayefanya kazi ana thamani kuliko vyombo anavyovifanyia kazi. Tulikuwa tukihudhuria Misa kila Dominika. Kila Dominika pia tulikuwa tukihesabu matairi.

Malori yetu yalikufa yote kwa wakati wake. Kuanzia mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, magari ya Kijapani yaliongezeka, na bolti zake zilikuwa za milimita. Spana zetu za inchi hazikuzishika. Mwaka 1991 tuliiuza Comet kama chuma chakavu. Huko Uingereza wapo wapenzi wa malori ya namna ile, wanaoyapaka rangi upya, na kila mwaka huyaendesha kutoka London hadi Brighton huku watu wakiyashangilia njiani. Hatuwacheki. Mtu akiisha kuishi na mashine kama ile huipenda. Lakini daftari lilitufanya tujiulize ni nani aliyemkumbuka yule aliyeizuia isitumbukie korongoni.

Tulimtafuta. Mzee mmoja wa Tandika, aliyewahi kutuendeshea Albion, alituelekeza Mbagala Kizuiani. Tulimkuta ameketi mbele ya nyumba ya vyumba viwili, akiuza mkaa kwa kopo, gongo lake limeegemezwa ukutani.

"Shikamoo, kaka," tulisema.

"Marahaba. Nyie ni watoto wa mzee wa Comet." Hakuuliza, alitutambua. Akatuagizia viti kwa jirani.

Tulikuwa tumejitayarisha kwa ghadhabu yake, na tungeiona ni haki. Alichotuuliza kwanza ni habari za dereva. Tulimwambia alifariki dunia mwaka 2003, kwa maradhi, akiwa na wajukuu. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Basi alipata miaka mingi," akasema. Kisha: "Ile kabari niliichonga mwenyewe, ya mninga. Ingekuwa mbao laini ingepasuka."

Tulimkabidhi bahasha tuliyokwenda nayo. Hakuikataa kwa adabu kama tulivyotarajia. Aliifungua, akazihesabu fedha mbele yetu noti kwa noti, akazirudisha ndani, akauliza kwa sauti ya kawaida: "Hizi ni za mguu au za miaka?"

Hatukuwa na jibu. Tulikaa kimya, na mteja akaja, akapimiwa mkaa, akaenda. Mwishowe kaka yetu mkubwa alisema kwamba si za kimojawapo, ni mwanzo tu, na kwamba tutakuja kila mwezi kadiri tutakavyojaliwa. "Njooni basi," akajibu. Hakusema ametusamehe, nasi hatukuwa na haki ya kumdai neno hilo.

Kabla hatujaondoka aliomba kuliona daftari. Alisoma kwa kidole, polepole, hadi alipofika kwenye kabari. Akaomba kalamu, akatukabidhi. "Niandikeni jina langu hapa." Tuliliandika chini ya neno lile la kabari, majina yake yote matatu, ambayo mpaka siku ile hatukuwa tukiyajua. Hatuyaandiki katika ukurasa huu, kwa sababu aliomba yaandikwe daftarini, hakuomba yatangazwe.

Wapendwa, leo nchi yetu inayo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na mfuko wake ulianza kazi mwaka 2015. Ni jambo jema. Hata hivyo sheria humfikia mtu aliyeandikwa, na wengi wanaotushikia kabari hatujawaandika popote: kijana anayepakia saruji kwenye Fuso, dada anayelala jikoni mwetu, mlinzi anayekesha getini kwa posho, dereva wa pikipiki tuliyomkabidhi kwa hesabu ya kila siku. Tunajua pikipiki ilibadilishwa oili lini. Je, tunajua jina la tatu la anayeiendesha?

Sisi tumechelewa kwa zaidi ya miaka arobaini, na hakuna safari ya Mbagala itakayourudisha mguu ule. Juma hili, kabla ya Dominika, kila mmoja wetu alifungue daftari lake, au simu anamoandika hesabu zake, aone ni nani anayefanya kazi kwake bila kuandikwa. Akimpata, amwandike. Kisha amlipe anachomdai.