Penye Miti Hapana Wajenzi

Wazee walinena kwamba penye miti hapana wajenzi. Methali hiyo niliwafundisha watoto darasani kabla sijahamia kazi ya ofisi, nami nikadhani ninaijua. Maana yake hasa niliipata Kabale, katika nyanda za juu za Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda. Somo hilo lilinigharimu jiko, na nusura linigharimu zaidi ya jiko.

Nilihamishiwa huko mwaka 2016. Mji wa Kabale uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ukungu hulala mabondeni, na usiku mtu hujifunika mablanketi mawili. Milima imevikwa mikaratusi, misaiprasi na migrevilea. Nyumba ya serikali tuliyopewa ilikuwa na miti miwili mikubwa: mgrevilea mzee ulioinama langoni, na mkaratusi ulionyooka nyuma ya jiko. Sisi watumishi wa umma, sawa na ndugu zetu wanajeshi na polisi, hatuichagui miti tutakayoishi nayo. Tunaikuta, kisha tunaiacha, na makosa yetu hurithiwa na familia inayofuata.

Mvua za masika ya mwaka 2017 ziliufanya mkaratusi ule uyumbe usiku kucha, hata mke wangu akakosa usingizi. Nikawaita vijana wawili waliokuwa wakipasua kuni sokoni. Sikuwauliza wataukata namna gani; niliuliza bei tu. Wakataka shilingi 40,000. Walipanda kwa ngazi na mapanga, wakaukata mti kichwa, wakaacha nusu ya urefu wake. Wakapaka lami juu ya kidonda, wakabeba kuni, wakaenda zao. Nami nikajisifu kwamba mti umekuwa mfupi na hatari imekwisha.

Mti haukufa. Pale ulipokatwa yalitoka machipukizi mengi, na kwa muda wa miaka minne yakawa matawi mazito, marefu kuliko paa la nyumba. Tukasema mti umepona.

Oktoba 2021 shule zilikuwa bado zimefungwa kwa sababu ya korona, na binti yetu wa miaka saba alisomea jikoni, kwa kuwa jikoni ndiko kulikokuwa na joto. Jioni moja mama yake alimtuma arudishe sufuria kwa mke wa Sajini, jirani yetu. Kabla hajarudi, upepo ukavuma kwa nguvu. Tawi moja lilibanduka kwenye kidonda cha zamani, likapasua mabati, likaangukia benchi alilokuwa ameketi dakika chache tu zilizopita. Daftari lake tulilivuta chini ya tawi hilo. Ninalo hadi leo.

"Baba watoto," mke wangu aliniambia usiku ule, "kesho miti yote miwili iondoke." Sikuwa na la kumjibu.

Kulipokucha nilikwenda kwa Afisa Misitu wa Wilaya. Yeye alinielekeza kwa mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi katika mashamba ya miti ya serikali. Mzee alikuja na panga moja tu. Hakutaja bei. Aliizunguka miti yote miwili kwa karibu saa nzima, akigonga mashina kwa mgongo wa panga na kusikiliza mlio wake, akichunguza udongo penye mizizi, akitafuta nyufa na uyoga. Hatimaye akaniuliza, "Mwalimu, unaogopa upi?"

Nikamwonyesha mgrevilea ulioinama langoni.

Akatikisa kichwa. "Huu uliinama tangu utoto wake, kisha ukajinyosha kuelekea juu. Udongo haukupasuka, mizizi haikuinuka. Ungeinama ghafula mwaka huu, ningekuambia uhame leo. Huu unahitaji kuondolewa matawi makavu tu. Mti wako mgonjwa ni ule mlioukata kichwa."

Akanieleza kwamba chipukizi linaloota baada ya mti kukatwa kichwa halitoki moyoni mwa shina. Hushikwa na tabaka la nje tu, na chini yake mbao huwa zinaoza kwa maji yaliyoingia kidondoni. Kadiri tawi linavyokua, ndivyo linavyozidi kuning'inia juu ya uozo. Niliona aibu. Mti ulionyooka ulikuwa mzima nilipoukuta, na mimi ndiye niliyeununulia ugonjwa kwa shilingi 40,000.

Baadaye Afisa Misitu alinipa maandishi ya kusoma. Humo nilikuta habari za Alex Shigo, mtaalamu wa misitu wa Marekani, aliyepasua mashina mengi ili atazame ndani, na ambaye mwaka 1977 alitoa kitabu kuhusu uozo wa miti. Alionyesha kwamba mti hauponi jeraha kama ngozi yetu inavyopona. Hujenga kuta ndani yake ili uozo usienee, kisha huotesha mbao mpya pembeni. Lami na rangi haziuzuii uozo huo.

Mzee alitaka shilingi 350,000. Nilizilipa kwa awamu, na ya mwisho nilimpa kazi ilipokwisha. Tuliandikiana mapatano mbele ya Mwenyekiti wa kijiji: nani atachukua kuni, nani atafagia matawi, na nani atalipa iwapo bati litavunjika. Alikuja na wasaidizi wawili, kamba nene, mikanda na kofia ngumu. Kwanza aliwaondoa watoto wote uani. Mkaratusi aliuangusha vipande vipande kutoka juu, kila kipande kikiteremshwa kwa kamba. Kwa kuwa mti huo ulikuwa wa kuondolewa, aliupanda kwa viatu vya miiba ya chuma. Alipofika kwenye mgrevilea aliivua miiba ile na kupanda kwa kamba tupu, akisema mti utakaoishi hautobolewi.

Matawi mazito ya mgrevilea aliyakata kwa hatua tatu. Hatua ya kwanza alikata kidogo upande wa chini, umbali wa mkono hivi kutoka shinani. Ya pili alikata kutoka juu, mbele kidogo ya mkato wa kwanza, tawi likaanguka bila kuchana gome la shina. Ya tatu aliondoa kisiki kilichosalia, lakini hakugusa uvimbe mdogo ulioko pale tawi linapoungana na shina. Uvimbe huo, alisema, ndio unaofunga mlango.

Ndugu msomaji, huenda nawe unaishi katika nyumba uliyoikuta ina miti. Siku utakapomtafuta mtu wa kuikata, muulize kwanza ataukataje, na umtazame kama anaukagua mti kabla ya kutaja bei. Anayeharakia kuukata kichwa, muage kwa heshima. Anayekuja bila kamba wala mkanda, usimruhusu apande, maana akianguka ni uani kwako. Kama nyaya za umeme zinapita karibu na matawi, pasiguswe kitu mpaka watu wa umeme wameukata. Na kama mti ni mchanga, ulee sasa, kwa kuwa samaki mkunje angali mbichi: tawi la unene wa kidole halihitaji fundi wala fedha.

Mwaka 2024 nilihamishwa tena. Kabla ya kukabidhi funguo niliandika karatasi moja na kuibandika nyuma ya mlango wa jiko jipya: "Mti wa langoni umeinama lakini ni mzima. Tafadhali msiukate kichwa. Kila baada ya mvua kubwa utazameni udongo upande wa pili wa mwinamo; ukipasuka, mwiteni Afisa Misitu siku hiyo hiyo." Chini yake binti yangu, kwa mwandiko wake mwenyewe, aliongeza: "Na watoto wasisomee chini ya mti wakati wa upepo."

Familia iliyotufuata ni ya askari polisi. Nimeambiwa karatasi bado ipo.